Sahani za Ukutani Kisii na Nyamira: Anza na Ukuta Wenyewe

Nyumba imeisha. Mabati yamekaa, madirisha ya chuma yamepakwa rangi, sakafu ina vigae, dari ya jipsamu imezungushiwa taa. Ukutani kuna saa, kalenda ya SACCO, na picha ya harusi iliyopandishwa juu karibu na dari, mahali ambapo hata mgeni aliyesimama hulazimika kuinua kidevu. Sasa umeona kwenye simu sebule ya mtu yenye sahani za kauri zilizopangwa juu ya kochi, nawe unataka yako. Vizuri. Ila usikimbilie dukani bado.

Wengi hununua sahani kwanza, halafu humwita fundi na kumwonyesha kwa kidole: weka pale. Katika nchi hii ya vilima, mpango huo umepinduka. Gusii, yaani Kisii na Nyamira, hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na hatuna msimu mrefu wa jua wa kukausha ukuta uliolowa. Kuta zenyewe nazo si za aina moja. Katika boma moja unaweza kukuta nyumba ya wazazi ya udongo iliyopigwa plasta, ya kaka mkubwa ya tofali za kuchoma, na ya kitinda mimba anayefanya kazi Nairobi ya mawe ya kuchonga. Sahani ileile itakaa miaka katika mojawapo na kuanguka kabla ya Krismasi katika nyingine. Kwa hiyo tuanze na ukuta, sahani tutazifikia.

Kupima ukuta

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sehemu kadhaa, kuanzia chini hadi juu ya kimo chako. Sauti nzito iliyoshiba ni dalili njema. Panapolia kwa mvungu, plasta imeachana na ukuta, na siku ya kutoboa itamwagika kipande kizima. Hapo pabomolewe na kupigwa plasta upya, au uhamie ukuta mwingine.

Baada ya hapo pima unyevu. Chukua karatasi ya plastiki inayoonyesha, ukubwa wa ukurasa wa gazeti, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, uiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Matone yakiwa upande wa chumba, huo ni mvuke wa hewa ya ndani, pengine jiko liko karibu au madirisha hayafunguliwi. Kuta zenye kesi mara nyingi ni mbili: ule unaopigwa na mvua ya upepo, na ule wa nyuma katika nyumba iliyochimbiwa kwenye mteremko, ambapo ardhi ya nje imepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Vilima vyetu vimejaa nyumba za namna hiyo. Kupaka rangi mpya hakutibu kitu hapo. Kinachotibu ni mfereji nyuma ya nyumba, gata kwenye paa, na muda wa kukauka. Ukiona unga mweupe wa chumvi umechanua juu ya rangi, jua maji bado yanasafiri ndani ya ukuta, na chombo cha udongo usio na upako wa kioo kikiegemezwa hapo kitainyonya chumvi hiyo na kutoka madoa.

Ukuta wa udongo wenye nguzo na fito unahitaji subira zaidi kuliko wote. Msumari uliopigiliwa kwenye udongo unashika leo tu. Tafuta nguzo: gonga usikilize, au panda darini uone vichwa vyake, kisha upime umbali kutoka kwenye kona na kuuhamishia chini. Skrubu iingie ndani ya mti wenyewe angalau sentimita 3, kwa sahani moja nyepesi. Ukitaka vingi, funga ubao mlalo unaoshikwa na nguzo mbili au tatu, upige msasa, uupake vanishi, na vitu vyote vining'inie kwenye ubao huo. Mimi huona ubao huo unapendeza kuliko matundu kumi yaliyotawanyika, na mzigo wote unabebwa na mti badala ya udongo.

Tofali za kuchoma zina tabia yake. Tanuri la kienyeji halichomi sawasawa: tofali za katikati hutoka ngumu na nyekundu iliyokolea, za pembeni hubaki za waridi na hutoa unga. Tena mafundi wengi huunganisha tofali kwa udongo na kutumia simiti nje tu, kwenye kupigia mistari. Kwa hiyo toboa katikati ya tofali, usitoboe kiungo. Plasta ina unene wa milimita kama 15, na plagi ya plastiki lazima iupite wote na kuzama ndani ya tofali. Kwa sahani za kawaida, biti ya milimita 6, plagi ya milimita 6, na tundu la kina cha milimita 50 vinatosha. Funga kipande cha selotepu kwenye biti ili ujue pa kusimama. Drili ikifika kwenye tofali laini, zima ile nyundo yake uache biti izunguke tu. Nyundo hulipanua tundu, plagi ikalegea, na fundi akakudanganya kwa njiti ya kiberiti.

Mawe ya kuchonga na bloku hayana maneno mengi. Washa nyundo, toboa, safisha vumbi, weka plagi.

Kuta za kugawanya vyumba zilizotengenezwa kwa bodi za jipsamu zinaonekana imara kuliko zilivyo. Bodi yenyewe usiitwike kitu kizito. Chukua sumaku ndogo, isogeze polepole ukutani. Itanata penye skrubu, na skrubu zimefungwa kwenye fremu. Humo kwenye fremu ndimo mwa kuning'inizia.

Na kabla drili haijawashwa, angalia swichi na soketi ziko wapi. Bomba la waya hupanda wima kutoka hapo hadi darini, na mara nyingine hulala mlalo kati ya soketi mbili. Acha upana wa shubiri moja kila upande wa njia hizo.

Jiwe si udongo

Sasa ununuzi. Jambo la kwanza ambalo wenyeji wanalijua na wageni hulikosea: sahani ya mapambo inayouzwa kila mahali kwa jina la Kisii haikuchomwa tanurini. Ni jiwe la sabuni. Linachimbwa Tabaka, Mugirango Kusini, kwa majembe na mitaimbo. Hukatwa na kuchongwa likiwa bado na unyevu, husuguliwa kwa msasa ndani ya maji, hukaushwa, hung'arishwa kwa nta. Sahani nyingi hupakwa rangi kisha hukwaruzwa nakshi kwa ncha kali, jiwe jeupe likatokeza chini ya rangi. Sahani moja inaweza kupitia mikono ya mchimbaji, mchongaji, msuguaji na mchora nakshi, na wanaosugua na kuchora mara nyingi ni akina mama. Ukibishana bei, ikumbuke mikono hiyo yote.

Jiwe lenyewe lina rangi zake, nyeupe, krimu, waridi, kijivu, hadi nyeusi, na kwa nyumba ya kisasa mimi ningekushauri uchukue sahani isiyopakwa rangi kabisa. Zile za twiga na machweo zilibuniwa kwa ajili ya mizigo ya watalii. Sahani ya jiwe la waridi lenye mishipa yake, iliyosuguliwa ikang'aa, haihitaji twiga. Tabaka inao watu wa kuchonga zaidi ya zawadi za duka: Elkana Ong'esa ni wa huko, na jiwe lake limefika hadi makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Jinsi ya kutofautisha jiwe na kauri ni rahisi. Bana sahani katikati kwa vidole viwili na uigonge kwa ukucha ukingoni. Kauri inalia; jiwe linatoa sauti fupi inayokufa papo hapo. Kwa nyuma, pasipoonekana, pitisha ncha ya kisu: jiwe la sabuni litaacha unga, kauri yenye upako wa kioo haitakwaruzika. Uzito nao unasema. Sahani ya jiwe yenye upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 1.5 ina karibu kilo 3. Ya udongo uliochomwa, upana huohuo na unene wa sentimita 1, haifiki kilo moja na nusu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ukuta wako wa udongo utaipokea.

Kwa udongo wa kweli, tazama upande wa ziwa. Kwa vizazi vingi Wagusii walipeleka nafaka kwa majirani zao Waluo na kurudi na vyungu, na hadi leo ukishuka kuelekea Oyugis na Kendu Bay umeingia nchi ya wafinyanzi. Wanaofinyanga ni wanawake, kwa mikono bila gurudumu, na vyombo huchomwa kwenye moto wa wazi wa kuni na nyasi. Moto huo haufikii joto la tanuri la kiwanda, kwa hiyo udongo hubaki na vinyweleo. Vinyweleo ndivyo vinavyopoza maji ya mtungi, na ndivyo vinavyofanya chombo kile kinyonye moshi, mafuta na unyevu kikiwa ukutani. Sebuleni kitakaa vizuri. Jikoni penye kuni usikiweke.

Mfinyanzi wa Kendu Bay hazoei kutengeneza kitu bapa cha ukutani, kwa hiyo itabidi umwelekeze. Mwambie unataka bakuli la kina kifupi, lisilozidi shubiri na nusu kwa upana, lenye nakshi zile anazoweka kwenye shingo ya mtungi. Bamba bapa kabisa hujikunja na kupasuka linapokauka, lakini lenye mbonyeo hustahimili. Mlipe ziada, na utarajie kwamba moja au mawili yatapasuka motoni. Usimdai ung'aavu wa dukani. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, amepata jina kubwa duniani kwa vyungu visivyo na upako wa kioo hata kidogo: udongo uliosuguliwa hadi uteleze, wa rangi ya chungwa ukichomwa penye hewa, mweusi ukinyimwa hewa motoni. Weusi huohuo unapatikana pia kwenye moto wa wazi, madoa madoa, na kwenye ukuta wa krimu hakuna rangi ya dukani inayoushinda.

Kauri za viwandani na za karakana za mjini ni kundi la tatu. Ukienda Nairobi, Kazuri kule Karen wamekuwa wakitengeneza shanga za udongo tangu 1975, na hutengeneza vyombo pia. Rangi zao ni kali, zenye upako wa kioo, na zinafaa ukuta mweupe. Sahani za kawaida za kulia, za mitumba au zilizobaki peke yake baada ya seti kuvunjika, nazo zisidharauliwe. Tano zenye ukingo wa buluu kutoka kwa nyanya, kila moja na nakshi yake, zitapendeza kuliko seti mpya zinazofanana.

Kuagiza tundu kabla ya sahani

Watu hutaabika na kuning'iniza kwa sababu walinunua kitu kisicho na pa kushikia. Ukiwa Tabaka, agiza. "Fundi, niachie ukingo nyuma, kama kisigino cha sahani ya kulia, halafu uutoboe mara mbili, waya upite." Kwake hiyo ni kazi ndogo, jiwe likiwa bado na maji. Si jambo geni duniani: sahani za Delft kule Uholanzi zilitobolewa kisigino zikiwa udongo mbichi, kwa sababu mfinyanzi alijua zinakwenda ukutani. Mfinyanzi wa Kendu Bay naye anaweza kutoboa kwa kijiti kabla ya kuchoma. Matundu yawe juu kidogo ya katikati, sahani isije ikainama mbele.

Waya usiwe ule wa kufungia nondo. Hewa yetu ina unyevu, na baada ya misimu michache ya mvua utaona machozi ya kutu yakishuka kwenye rangi. Tumia waya wa shaba wa umeme, wa milimita 1.5, pamoja na ganda lake. Upitishe, usokote, na uning'inize kwenye skrubu mbili zilizoachana sentimita 5 hadi 8. Skrubu moja huiacha sahani ijigeuze kila mlango unapobamizwa.

Sahani ya dukani isiyo na tundu hushikwa kwa kishikio cha waya chenye springi na kucha nne. Kata vipande vidogo vya tyubu ya baiskeli uvivike kwenye kucha hizo, zisikwaruze ukingo. Springi ikaze kiasi cha kuhitaji nguvu kidogo. Ikivutika sana itaibana sahani hadi ipasuke yenyewe usiku, na utalaumu paka. Vipo pia vibandiko vya duara vyenye gundi. Kwenye kauri laini vinashika vizuri ukivipa saa 24 kabla ya kutundika. Kwenye udongo wa vinyweleo au jiwe lililopakwa nta, gundi haina pa kung'ang'ania. Usivitumie.

Na ukilazimika kulitoboa jiwe la sabuni nyumbani, biti ya kawaida inatosha, lakini lowesha jiwe kwanza na ufunge pua na mdomo. Vumbi la jiwe si la kuvutwa, na wachongaji wa Tabaka wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kauri yenye upako wa kioo ni kazi ya biti ya almasi na maji; mwachie fundi wa vigae.

Kimo

Shusha. Kama kuna neno moja tu utakalolichukua hapa kuhusu mpangilio, ni hilo. Katikati ya mpangilio iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na juu ya kochi acha sentimita 15 hadi 20 kati ya mgongo wa kochi na sahani ya chini kabisa. Sebule zetu ni za kukaa. Mgeni huingia, huombewa, huketi, hunywa chai, na huondoka bila kusimama katikati ya chumba. Anachokiona ni kile kilicho usawa wa macho ya mtu aliyeketi au juu yake kidogo.

Chora kila sahani kwenye gazeti, kata duara, bandika maduara ukutani kwa selotepu, uyaache wiki nzima. Yasogeze. Mtoto atasema, mama mkwe atasema, wewe mwenyewe utaona moja limekaa vibaya. Hapo ndipo utoboe, kupitia gazeti lenyewe. Sahani kubwa usiiweke katikati kabisa. Ianze pembeni kidogo, ndogo zifuate. Nafasi kati ya sahani na sahani iwe kama upana wa vidole vitatu. Zikiachana sana kila moja inakuwa peke yake.

Ukuta mmoja unatosha. Ukuta wa televisheni usiwe huo, kwa sababu macho hayawezi kuangalia mpira na nakshi kwa pamoja. Chagua ule unaopata mwanga wa dirisha kwa ubavu, kwa kuwa nakshi iliyokwaruzwa huonekana mwanga unapopita juu yake kwa mshazari. Taa ya dari iliyo mbele moja kwa moja huifuta.

Udongo unapatana na nyuzi. Kama mama amekuachia ekee, kikapu kile cha kupakulia obokima, yaani ugali, kitundike katikati ya sahani za udongo; rangi zao zinatoka ardhi moja. Obokano, ala yetu kubwa ya nyuzi, ukiwa nao upewe ukuta wake peke yake.

Kwa wanaojenga sasa

Kama plasta bado, una bahati, na hapa nikupeleke Pwani kidogo. Mafundi wa miji ya Waswahili hawakutundika kauri, waliijenga ndani. Katika magofu ya Gedi karibu na Malindi, kibla cha msikiti mkuu kilipambwa kwa bakuli za kauri zilizopachikwa ukutani. Kaburi la mnara la Mambrui lilipachikwa bakuli za Kichina za enzi ya Ming. Na katika nyumba za kale za Lamu kuna ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya plasta ya chokaa, ambamo sahani na bakuli zilizovuka bahari zilisimamishwa wageni wazione. Bakuli za Gedi na Mambrui hazikuhitaji msumari wala waya. Chokaa ilikuwa mbichi, kisigino kikazama, ikakauka nacho. Nyingi zimetoweka kwa sababu watu walizing'oa, na mashimo ya duara yamebaki kuonyesha zilipokuwa.

Njia zote mbili zinawezekana Kisii. Kishubaka kinataka ukuta mnene. Ukuta wa inchi 9 unaweza kuachiwa uwazi wa kina cha sentimita 12 hivi wakati wa kujenga, juu yake ukawekwa kizingiti kidogo cha zege chenye nondo. Ukuta wa inchi 6 hauna pa kutoa kina hicho, na kukata kishubaka kwenye ukuta uliokwisha kubeba paa ni kujitafutia ufa. Mwambie mwashi kabla hajafika kozi ya saba, na umwachie mchoro wenye vipimo. Ukisema kwa mdomo tu, utakuta amekijenga nyuma ya mlango.

Kupachika sahani kwenye plasta mbichi ni rahisi zaidi, lakini ni ndoa: haitoki nzima. Tumia kauri yenye upako wa kioo, kwa kuwa udongo wa vinyweleo hunyonya maji ya plasta kabla haijashika. Kwaruza kisigino kwa msasa, kilowanishe, kizamishe hadi nusu, kiegemeze kwa kijiti kutoka sakafuni hadi siku ya pili. Na usifanye hivyo kwenye ukuta uliofeli ule mtihani wa plastiki.

Vigae

Vigae vya nakshi ndiyo kauri ya bei nafuu zaidi, na hatuna tena haja ya kutegemea meli: viwanda vya hapa nchini vipo, Athi River na Kajiado. Tofauti moja ya kujua kabla ya kulipa. Kigae cha ukutani cha kawaida hunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kigae kigumu cha poseleni hunyonya chini ya asilimia 0.5. Cha kwanza ni chepesi, kinakatika kirahisi, na simiti inakikamata. Cha pili ni kizito na hakinyonyi, kwa hiyo simiti tupu hukiachia baada ya muda. Kinataka gundi ya vigae iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Gundi yoyote haishiki rangi. Inashika plasta. Fundi anayebandika kigae juu ya rangi ya mafuta anabandika juu ya ngozi ambayo siku moja itavuka. Kwangua rangi, tindua tindua ukuta, lowesha, ndipo ubandike. Mapambo ya vigae yasijaze ukuta kutoka kona hadi kona mpaka sebule ifanane na bucha. Kipande cha upana wa mita moja nyuma ya sinki la kunawia mikono, au ukanda mmoja juu ya meza ya kulia, kinatosha. Kwa jikoni, nyuma ya meko, ndipo ninapoona vigae vyenye upako vinastahili pesa yake yote, maana masizi hufutika kwa kitambaa.

Vipande vilivyovunjika visitupwe. Mwombe fundi aviweke kwenye gunia. Vinavunjwa zaidi kwa nyundo ndani ya gunia hilohilo, macho yakiwa salama, kisha vinapangwa kwenye ubao wa simenti wa kuning'inizwa au moja kwa moja ukutani. Kingo zake ni wembe. Zijazwe grauti hadi juu kama nyumba ina watoto.

Safari na usafi

Kutoka Tabaka au Oyugis sahani zitasafiri kwa matatu. Zisimamishe kwa ukingo ndani ya kasha, usizilaze moja juu ya nyingine, na katikati ya kila mbili weka majani makavu ya mgomba, ambayo hapa hayauzwi. Kasha likae miguuni pako, si kwenye buti na magunia ya viazi.

Nyumbani, kauri yenye upako ioshwe kwa maji na sabuni. Jiwe lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na mara mojamoja lipakwe nta isiyo na rangi. Lile lililotiwa rangi lifutwe kavu tu, na lisikae kwenye jua la dirishani kwa sababu rangi hupauka. Udongo mtupu upigwe brashi laini. Mafuta ya kupikia usiupake, hata kama jirani amekuambia unang'aa. Utang'aa wiki moja, kisha utanasa vumbi la barabara.

Kama umepanga nyumba katika mitaa ya mji wa Kisii kama Jogoo, Nyanchwa au Mwembe, muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Akikataa, weka rafu ya mbao isimame sakafuni ikiegemea ukuta, yenye mfuo wa kina cha sentimita moja kwenye kila ubao, sahani zisimame ndani ya mfuo huo. Akikubali, toboa machache, na omba rangi kidogo ya ukuta ule uihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kizuri. Siku ya kuhama utaziba matundu kwa puti, upige msasa, upake, na deposti yako isiwe na mjadala.